Mkanda wa Matofali

Kila asubuhi Najma alifagia kiwanja, akachota maji kisimani, akawasha mbabula ya makaa ili mama yake apate kuchemsha chai. Kisha alivaa sare yake ya bluu na nyeupe, akatoka mbio kumwita Constance. Nyumba zao pale Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, zilitenganishwa na ukuta mfupi wa matofali, na tangu waanze shule hawakuwahi kwenda kila mmoja peke yake. Constance alikuwa wa familia ya Kikatoliki kutoka kaskazini mwa Katanga, mjukuu wa mfanyakazi wa reli. Najma alikuwa wa familia ya Kiislamu. Baba yake, Idrissa, alishona nguo mjini, na mama yake, Feza, alitoka Maniema. Chakula cha Krismasi kilivuka ukuta kwenda huku, cha Idi kikavuka kwenda kule, na majirani waliwaita mapacha.

Mwaka huo, tangu shule zifunguliwe mwezi wa Septemba, safari yao ya asubuhi ilikuwa na kelele kweli kweli. Wanafunzi wengine waliwangoja njiani, na wote walitaka kitu kimoja: Najma awasimulie bahari.

"Weye Najma, leo tuambie ile ya pweza!"

"Hapana, ya samaki wanaolala ndani ya mawe!"

Hawakuwa na makosa. Nani Lubumbashi amekwenda baharini? Tuna mito, tuna mabwawa, lakini bahari tunaitazama kwenye televisheni. Najma alikuwa ameifikia. Katika likizo ndefu, yeye na mama yake walipanda basi, wakavuka Zambia, wakavuka Tanzania hadi pwani, kisha wakaingia chomboni kwenda kisiwa kidogo karibu na Mafia. Huko anaishi Mjomba Abibu, kaka wa mama yake, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni kuzamia chini ya bahari ili waone samaki na matumbawe.

"Unavaa mtungi wa hewa mgongoni," Najma alisimulia huku akitembea kinyumenyume ili wote wamwone. "Unavaa miwani mikubwa, na mapezi ya mpira miguuni. Halafu unashuka pole pole. Kuna sehemu wanaiita Bustani ya Nyota, nyota za bahari zimejaa chini, nyekundu na buluu. Kuna nyingine wanaiita Mlango wa Taa. Taa ni samaki mpana, bapa, anapita juu ya kichwa chako bila haraka. Na matumbawe, jamani! Mengine kama kabichi, mengine kama pembe za swala, na samaki wadogo wanaingia na kutoka humo kama watu sokoni."

"Lakini weye hujui kuogelea," alisema Aristote, mvulana wa darasa lao aliyependa kuuliza maswali ya kuwakera wenzake. "Ulishuka namna gani?"

"Ukiwa na hewa mdomoni, kuogelea si lazima sana," Najma alijibu upesi.

"Na hukuogopa?"

"Kuogopa nini? Samaki?"

Watoto walicheka. Constance alicheka kuliko wote, akamshika rafiki yake mkono kwa fahari. Najma naye alicheka, kisha akageuka upesi kutazama mbele, wasimwone uso.

Maana ukweli ulikuwa hivi. Mjomba Abibu alimfundisha Najma siku kadhaa kwenye maji ya kina kifupi, pale ufukweni ambapo angeweza kusimama. Alimvalisha kila kitu. Lakini siku ya kwenda kwenye matumbawe, Najma aliketi ukingoni mwa mashua, akatazama chini, akaona maji yanashuka na kushuka mpaka macho yanachoka. Akasema tumbo linamuuma. Mjomba alimvua mtungi bila neno, akamfunika taulo, akashuka na wageni wake. Najma alibaki mashuani. Yote aliyoyasimulia aliyapata kwa wale wageni walipopanda juu, na kwenye picha zilizokuwa kwenye simu ya mjomba.

Aliporudi Kasungami, mtu mmoja tu alimwuliza: "Uliingia chini?" Naye akasema ndiyo. Basi. Neno dogo, la mara moja. Lakini watu walipiga makofi, na mtoto akishapigiwa makofi kwa jambo ambalo hakulifanya, atafanyaje? Kesho yake wanataka tena. Najma aliongeza pweza, akaongeza taa, na kufikia Oktoba hakuona tena njia ya kurudi nyuma.

Ijumaa moja, siku chache baada ya mvua ya kwanza, Constance hakuzungumza njiani. Wakati wa mapumziko alimvuta Najma nyuma ya madarasa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Najma, niko na shida kubwa. Usimwambie mutu."

Baba yake Constance, Papa Jean-Claude, alilima mboga pamoja na majirani kando ya shimo la zamani la matofali. Kwa miaka mingi watu walichimba udongo hapo wa kufyatulia matofali, wakaondoka, shimo likajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyejua kina chake. Wakulima walikuwa na motopompe moja ya kuvuta maji hayo kumwagilia lengalenga, nyanya na kabichi, na kila familia iliitunza kwa zamu. Zamu ilikuwa ya Papa Jean-Claude.

"Papa aliniambia, mawingu yakikusanyika, niivute ile pompe mbali na ukingo, niifunike," Constance alisema. "Miye nilikuwa nasuka nywele. Nikasema nitakwenda, nitakwenda. Mvua ikapiga. Nilipofika, ukingo umeporomoka, na pompe imekwenda na udongo wote ndani ya maji. Nilinyamaza. Sasa bantu wote wanasema imeibiwa. Wanamutazama vibaya Kabwe."

Kabwe alikuwa jirani, mchimba visima, kijana mpole aliyelala mara nyingi kwenye kibanda cha bustanini.

"Mwambie papa yako," Najma alisema.

"Siwezi! Atanitazama namna gani? Lakini weye unaweza kunisaidia." Constance alimshika mikono yote miwili. "Weye unajua kuingia chini ya maji. Kesho twende, ushuke, ufunge kamba kwenye pompe, tuivute. Tuseme tumeiona tu."

Hapo ndipo angesema. Neno lilifika ulimini kabisa, na akalimeza.

"Sina mtungi wa hewa," alisema.

"Tuko na tiyo, ule mupira wa kumwagilia. Ncha moja inabaki juu, nyingine unaweka mudomoni."

"Tiyo peke yake haitoshi. Lazima mkanda."

"Mukanda gani?"

"Wa risasi. Mwili wa mtu unaelea, kwa hiyo wazamiaji wanafunga kiunoni mkanda wenye vipande vizito vya risasi ili washuke. Halafu lazima miwani. Halafu lazima..." Aliendelea kutaja, akitumaini kwamba orodha ikirefuka Constance atachoka. Lakini Constance hakuchoka. Alisikiliza kila neno kama mtu anayesikiliza dawa ya mgonjwa wake.

"Na kesho siwezi," Najma alimalizia. "Mama ana kazi nyingi."

Constance alimtazama kidogo. Hakukasirika. "Kama huwezi, si kitu," alisema kwa upole. "Umeshanifundisha."

Najma alishusha pumzi. Akadhani yameisha. Ah, mtoto huyu!

Jumamosi mchana Mama Feza alikuwa akitwanga mihogo mikavu ya unga wa kusonga bukari. Alimtuma Najma kwa jirani akaazime chekecheo. Mama yake Constance alikuwa uani akichambua sombe, majani ya mihogo.

"Shikamoo, Mama. Constance yuko wapi?"

Mama Constance alishangaa. "Si muko pamoja? Ametoka sasa hivi na tiyo begani. Ameniambia weye unamungojea kule shimoni, munaenda kuiosha."

Chekecheo hakuichukua. Hata kuaga hakuaga. Alikimbia kupita ukuta, kupita kisima, kupita nyumba ya mwisho yenye mabati mapya, kiatu kimoja kikamtoka, akakiacha. Alikimbia huku akisema kwa sauti, "Mungu wangu, asiingie, asiingie."

Constance alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo. Kiunoni alikuwa amefunga kitenge, kikamvimba pande zote kama mwanamke anayebeba watoto wawili. Ndani yake kulikuwa na matofali. Ncha moja ya tiyo aliifunga kwenye kijiti juu ya ardhi, nyingine aliishika mkononi, na begani alikuwa na kamba.

Alipomwona Najma, uso wake uling'aa. "Umekuja! Nilijua utakuja. Simama hapa, uangalie tiyo isianguke."

"Constance, toa hayo matofali."

"Nimefunga muzuri. Risasi sikupata, lakini tofali pia iko nzito."

"Toa, nakuomba! Nilisema bongo, nilidanganya!" Najma alilia. "Sijawahi kushuka. Hata siku moja. Niliogopa, nikabaki ndani ya mashua. Yale yote niliyosimulia ni ya watu wengine. Hujui kuogelea, Constance, na mimi sijui, na utakufa!"

Constance alimtazama kwa muda. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha upendo, na kicheko hicho kilimuuma Najma kuliko kofi.

"Aka, Najma! Unasema vile sababu unaniogopea tu. Mutu ambaye hakushuka atajuaje majina yote yale? Atajuaje mukanda?"

"Niliambiwa!"

"Sasa ndiyo unadanganya," Constance alisema. Aliweka tiyo mdomoni, akaweka mguu majini.

Udongo ulikuwa bado laini kwa mvua. Ukingo ulikatika chini yake, na Constance akaingia mara moja mpaka kifuani, halafu mpaka shingoni. Matofali yalimvuta. Tiyo ilimtoka mdomoni, akanywa maji, na macho yake yakafunguka kwa hofu ambayo Najma hakuwahi kuiona kwa mtu.

Najma alijitupa kifudifudi kwenye tope, akamdaka mkono. Uzito ulikuwa wa ajabu. Alihisi naye anateleza, kifua chake kikipita juu ya majani. Alichimbia vidole vya miguu ardhini, akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Papa Jean-Claude! Papa Jean-Claude! Constance yuko majini!"

Ng'ambo ya bustani, Papa Jean-Claude alikuwa akifunga mafungu ya lengalenga. Najma alisikia ndoo ikianguka. Lakini bustani ilikuwa ndefu, na kidevu cha Constance kilikuwa tayari ndani ya maji. Bila kuuachia ule mkono, Najma aliingiza mkono wake wa pili majini, akapapasa kiuno cha rafiki yake, akalipata fundo la kitenge. Lilikuwa limekaza. Alivuta, likakataa. Alivuta tena huku akilia, likalegea. Kitenge kikafunguka, matofali yakaanguka moja baada ya jingine, na Constance akawa mwepesi ghafla. Mikono mikubwa ikapita juu ya kichwa cha Najma, ikamnyakua Constance kutoka majini, halafu ikamvuta yeye mwenyewe kwa shati la mgongoni.

Papa Jean-Claude aliwabeba wote wawili hadi kwenye matuta ya kabichi. Constance alikohoa, akatapika maji, akakohoa tena, kisha akaanza kulia. Baba yake alivua shati lake akamfunika. Hakupiga mtu, hakugomba. Alikaa chini tu kwenye udongo, akamkumbatia binti yake.

"Mulikuwa munatafuta nini mule?" aliuliza mwishowe.

"Pompe, Papa," Constance alisema. "Haikuibiwa. Ilianguka kwa sababu ya miye. Sikuivuta kama ulivyoniambia, nilikuwa nasuka nywele. Niliogopa kusema."

"Na mimi ndiye niliyemwambia mambo ya tiyo na ya mkanda," Najma alisema. "Nilisema nimezamia baharini. Sikuzamia, Papa. Nilidanganya shule nzima. Yeye aliniamini."

Constance aligeuza shingo akamtazama. Safari hii aliamini. Alivuta mkono wake uliokuwa umegusana na wa Najma, akauweka chini ya shati la baba yake. Najma aliona, na moyo ukamuuma sana.

Papa Jean-Claude aliinuka. "Nimemufikiria Kabwe mubaya siku hizi zote," alisema. "Simameni. Tunakwenda kumuomba radhi, sisi watatu."

Kabwe alikuwa mbele ya kibanda akinoa sururu. Alisikiliza habari yote, akaweka sururu chini, akawatazama wale wasichana walioloa, na badala ya kukasirika alijifuta macho.

"Mungu amesaidia," alisema. "Mimi, waniite mwizi wakitaka, lakini mutoto kufa kwa ajili ya chuma! Kwa nini hamukusema tangu juzi? Niko na kulabu ya kuopolea ndoo."

Watu wa visima wote wanaijua hiyo kulabu. Ni vyuma vilivyopindwa, vimefungwa pamoja mwishoni mwa kamba ndefu, kwa sababu hakuna kisima ambacho hakijameza ndoo. Kabwe alisimama mbali na ukingo, kwenye ardhi kavu, akatupa, akaburuta, akatupa tena. Alipata kipande cha wavu, akapata tawi. Majirani walikuwa wamekusanyika. Kisha kamba ilikaza, Papa Jean-Claude na wakulima wengine wakaishika, wakavuta pamoja, na motopompe ikatoka imevaa tope mwili mzima. Watu walipiga vigelegele. Fundi aliifungua siku hiyo hiyo, akaiosha, akakausha vyuma vyake vyote juani. Haikuwa imekufa.

Alasiri, Mama Feza alimkalisha Najma kwenye mkeka, akampigia simu Mjomba Abibu. Aliwaita Papa Jean-Claude na Constance wavuke ukuta, waje nao wasikie. Najma alisimulia yote kwa mjomba wake, tangu lile "ndiyo" la kwanza.

Upande wa pili upepo ulisikika kwenye simu.

"Constance, mwanangu, uko hapo?" Mjomba Abibu aliuliza. "Unapumua vizuri?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Alhamdulillahi. Sasa sikilizeni. Mpira wa kumwagilia haupumuliwi chini ya maji. Maji ni mazito, yanakibana kifua, hata mwanamume mwenye nguvu hawezi kuivuta hewa ya juu akiwa kule chini. Hewa yetu imeshindiliwa ndani ya mtungi, na kifaa maalumu ndicho kinachotupa. Ule mkanda una kifungo ambacho ukikivuta mara moja tu unaanguka. Na hakuna anayeshuka bila mwalimu ubavuni mwake. Mtu aliyefunga matofali kwa fundo amejifunga kaburini."

Papa Jean-Claude alitikisa kichwa, akashika bega la binti yake.

"Mjomba," Najma alisema kwa sauti ndogo, "mbona siku ile hukuniambia kwamba mimi ni mwoga?"

"Kwa sababu hukuwa mwoga. Sikiliza, Najma. Sisi wazamiaji tuna desturi moja. Yeyote aliyemo mashuani, awe mgeni wa siku ya kwanza au mimi mwenyewe, akisema leo sishuki, basi hashuki. Haulizwi kwa nini, na hachekwi. Mwezi uliopita mimi nilivua mtungi nikiwa nimeshauvaa. Sikujisikia sawa, nikakaa na nahodha tukanywa chai. Siku ile ulipokataa kushuka, ulifanya kama mzamiaji. Kosa lako si kuogopa. Kosa lako ni kuona aibu ya kuogopa, mpaka ukamficha rafiki yako jambo ambalo lingemwokoa."

Najma alilia. Mama yake alimvuta kifuani, akamwacha alie. Lakini Constance alikuwa ametazama chini muda wote, na alipoondoka hakumuaga.

Jumatatu, kwa mara ya kwanza, Najma alikwenda shule peke yake. Darasani alikuta Constance ameweka mfuko wake juu ya benchi, pale mahali pa Najma. Hakuuondoa. Najma hakumlaumu. Alikwenda moja kwa moja mbele, kwa mwalimu wao, Madame Marie-Thérèse, akamwomba ruhusa ya kusema.

"Sema, Najma."

Alisimama mbele ya ubao. Aliogopa kama siku ile mashuani, ila leo hakusema tumbo linamuuma. "Sikuzamia baharini," alisema. "Niliogopa. Nilibaki juu. Niliwadanganya ninyi nyote, na Jumamosi Constance nusura afe kwa sababu aliamini maneno yangu. Msijaribu kamwe yale niliyowaambia. Nisameheni."

Darasa liliguna kwa mshangao, halafu Aristote akaangua kicheko. "Nilijua miye! Mzamiaji wa mashuani!" Wengine wakaanza kumfuata kwa kucheka.

Constance alisimama. Sauti yake ilikuwa bado na mikwaruzo ya kukohoa. "Cheka, Aristote. Miye nilikuwa chini ya maji na matofali kiunoni. Huyu hajui kuogelea, na hakuniacha mukono." Kisha akakaa, uso ukiangalia dirishani.

Hakuna aliyecheka tena. Madame Marie-Thérèse alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. "Najma," alisema, "ulikuwa mashuani. Haya, huko mashuani uliona nini, wewe, kwa macho yako?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Najma alifikiri, na pole pole uso wake ukabadilika.

"Niliona mapovu," alisema. "Wageni wakipumua kule chini, mapovu yanapanda juu na kupasuka. Nahodha alikuwa amelala. Nilikuwa peke yangu na taulo, nalia. Halafu kando ya mashua maji yakafunguka, na kasa akatoa kichwa. Kasa ni kobe wa baharini, mkubwa, mgongo wake mpana kama sinia la bukari la harusi. Akapumua, fuuu! kwa nguvu, kama mama akiweka mzigo chini. Alikuwa karibu, ningeweza kumgusa. Akanitazama kwa jicho moja. Jicho lake lilikuwa jeusi, limeloa, kama na yeye alikuwa amelia. Tukatazamana. Nikaacha kulia. Kisha akainamisha kichwa, akashuka, na mimi nikamwona mpaka akawa kidoa."

Wanafunzi wa nyuma walikuwa wameinuka ili wasikie.

"Yeye anapumua hewa kama sisi?" Aristote aliuliza, na safari hii hakuwa akimkera mtu.

"Kama sisi. Anaishi chini, lakini lazima apande juu kupumua."

"Mbona hujatuambia habari ya huyo?" mwalimu aliuliza.

Najma aliinamisha macho. "Nisingeweza, Madame. Nilishasema kwamba wakati ule nilikuwa chini ya maji."

Madame Marie-Thérèse alikuja akasimama karibu naye, akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Mumesikia, watoto wangu?" alisema. "Aliona jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu amewahi kuliona, na hakuweza kumwambia mtu. Uongo wake ulimwibia kasa wake. Na Jumamosi uongo huo nusura utuibie Constance. Ukiogopa, sema: naogopa. Ukiharibu, kama tulivyosikia habari ya Constance na ile pompe, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu asiye na kosa hajaitwa mwizi. Aibu ya kusema ukweli inauma, sikatai, lakini inapita. Mutoto akituponyoka, hatumpati tena. Najma, nenda ukakae."

Najma alitembea kati ya mabenchi bila kujua aende wapi. Alipofika kwenye safu yao alipunguza mwendo, akataka kupita hadi nyuma kabisa. Constance hakumtazama. Lakini aliushika mfuko wake, akautoa juu ya benchi, akauweka chini miguuni.

"Kaa," alinong'ona. "Halafu uniambie tena habari ya lile jicho."